Neno la Mchungaji: Kuupokea Mkono wa Kanisa la Jirani

Masomo: Wakolosai 4:12-16, Warumi 15:25-31, 2 Wakorintho 8:1-21, Ufunuo 3:14-22



Nawasalimu ninyi nyote wa Nakivale, wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo. Nawasalimu pia ninyi mnaosomewa ukurasa huu na watoto wenu, kwa sababu macho yamechoka au kwa sababu hamkupata nafasi ya shule. Tangu toleo lililopita wako tuliowazika na wako waliozaliwa. Sisi tuliobaki tuko hapa kwa neema tu.

Leo nataka tuzungumze habari ya makanisa jirani. Hapa kwetu makanisa ni mengi. Ukisimama juu ya kilima Jumapili asubuhi unasikia ngoma huku, kinanda kule, na spika ya betri upande wa tatu. Unasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kifuliru, Kibembe, na Kinyankore cha wenyeji wetu. Mgeni akipita atasema, "Watu hawa wanampenda Mungu." Ni kweli. Lakini mimi nina swali lingine. Kanisa moja likilia, lile la pili linasikia? Na likisikia likaja kusaidia, linafunguliwa mlango?

Sitaki kuwahubiri kama mtu aliyeshinda. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

1. SIKU TULIPOKATAA

Mwezi wa nne mwaka 2024, Ijumaa usiku, mvua ilikuja na upepo mkali. Asubuhi tulikuta mabati yetu yametawanyika katika shamba la mahindi, na shitingi ya upande wa kina mama imepasuka katikati. Miti ya ukuta ilikuwa imeliwa na mchwa. Jumapili tuliabudu chini ya mti.

Jumatatu wazee watatu wa kanisa la ng'ambo ya bonde walikuja nyumbani kwangu. Waliketi, wakanywa maji, wakasema, "Mtumishi wa Mungu, tumesikia yaliyowapata. Sisi ibada yetu inaisha saa tano. Kuanzia saa sita nyumba ni yenu, mpaka Bwana atakapowajalia kujenga."

Sasa mnisikilize vizuri. Lugha ya wazee wale ni ile ambayo wengi wetu tuliposikia inasemwa nje ya mlango usiku, kule nyumbani, tulichukua watoto tukakimbia. Sitataja kabila, kila msomaji anaelewa. Na wao wakisikia lugha yetu wanakumbuka usiku wao. Tulikimbiana, na mwisho tukakutana katika foleni moja ya maji, kila mtu na jerikani lake.

Niliita wazee wetu tukakaa kikao. Mmoja alisema, "Tukiingia kule, kesho watasema ni wao wametuweka." Mwingine alisema, "Watatuhesabu kuwa watu wao." Mzee wetu mmoja, ambaye vita vilimchukulia watoto wawili, hakusema neno. Aliinuka akatoka nje. Mwishoni tuliandika barua nzuri, yenye salamu na mistari ya Biblia, tukasema tunashukuru lakini tutajitegemea. Mimi ndiye niliyeiandika, na mimi ndiye niliyetia sahihi. Niliwaambia wazee kwamba tunalinda amani. Haikuwa hivyo. Kilikuwa kiburi, nami nilikiita hekima.

Jumapili tatu tulinyeshewa. Jumapili ya nne nikaona kwamba mama mmoja kijana, aliyejifungua mwezi wa pili, haonekani. Nikaenda kumtembelea. Aliinamisha kichwa akasema, "Pasta, unisamehe. Ninasali kule ng'ambo. Mtoto alinyeshewa akaanza kukohoa. Kina mama wa kule wamenipa nafasi karibu na ukuta. Maneno yote siyaelewi, lakini mtoto halowi."

Njiani nilipokuwa narudi niliona haya. Mama yule hakuliacha kanisa. Sisi ndio tuliomwacha yeye kwenye mvua na mtoto wake, kusudi tusilazimike kumwambia jirani asante.

2. MAKANISA MATATU YA BONDE MOJA

Usiku ule nilifungua barua kwa Wakolosai. Sura ya nne tunaipita haraka kwa sababu tunaona majina tu na salamu. Lakini ndani yake kuna jambo kubwa.

Kolosai, Laodikia na Hierapoli ilikuwa miji mitatu ya bonde moja, bonde la mto Liko, katika nchi ambayo leo inaitwa Uturuki. Kutoka Laodikia kwenda Hierapoli ni kama kilomita 10. Kutoka Laodikia kwenda Kolosai ni mbali kidogo kuliko hapo, lakini mtu wa miguu anafika kwa siku moja. Kila mji ulikuwa na kanisa lake. Huko Laodikia wengine walikusanyika katika nyumba ya Nimfa, kwa sababu majengo ya ibada kama haya tunayoyafahamu hayakuwapo. Na alikuwako mtumishi mmoja, Epafra, mtu wa Kolosai. Paulo anashuhudia kwamba Epafra alijitaabisha sana kwa ajili ya Kolosai, na pia kwa ajili ya hao wa Laodikia na Hierapoli. Hakusema, "Mimi ni wa Kolosai, wale wana mchungaji wao."

Kisha Paulo anatoa agizo katika mstari wa 16. Wakolosai wakiisha kuisoma barua yao, waipeleke Laodikia ikasomwe huko. Na ile iliyoko Laodikia, wao nao waisome.

Ndugu, litazameni agizo hili. Paulo angeweza kuandika barua moja na kuinakili mara mbili, kila kanisa likapata yake, wakakaa bila kutembeleana. Hakufanya hivyo. Wakolosai walikuwa na neno ambalo Walaodikia walilihitaji, na Walaodikia walikuwa na neno ambalo Wakolosai walilihitaji. Ili mtu apate barua nzima ilimpasa kutembea mpaka kwa jirani na kuketi kwenye kiti cha mgeni. Hapakuwa na kanisa lililokuwa na kila kitu.

Wako wanaouliza: barua ile ya Laodikia iko wapi leo? Katika Biblia zetu hakuna barua yenye jina hilo. Wengine hudhani ndiyo Waefeso, wengine hudhani ilipotea. Mimi nabaki na neno moja tu: watunza barua wakiwa wachoyo, au wasomaji wakiwa na kiburi, neno linaweza kupotea katikati ya majirani.

Sasa mtazame yaliyoipata Laodikia. Kama mwaka 60 baada ya Kristo tetemeko la ardhi liliuangusha mji ule. Mwandishi Mrumi anayeitwa Tacitus ameandika kwamba Laodikia ilijijenga tena kwa mali yake yenyewe, bila msaada wa Roma. Ulikuwa mji wa fedha na wa biashara ya nguo. Mtu wa dunia atasema huo ni ushujaa. Mimi pia siwasemi vibaya kwa kujenga kuta zao. Lakini roho ile ya "sisi hatuhitaji mtu" iliingia mpaka kanisani. Katika Ufunuo sura ya 3, Bwana analiambia kanisa la Laodikia kwamba linajiona tajiri lisilopungukiwa, kumbe ni maskini, kipofu na uchi. Na mnajua Bwana mwenyewe amesimama wapi katika sura ile? Amesimama nje ya mlango, anabisha.

Niliposoma hapo niliwakumbuka wale wazee watatu. Walibisha mlango wangu siku ya Jumatatu, nikawapa maji ya kunywa, kisha nikawarudisha na barua yenye mistari ya Biblia.

3. PAULO ALIOMBA SADAKA IKUBALIWE

Labda mtu atasema, "Pasta, Biblia inasifu kutoa. Mbona wewe unasifu kupokea?" Twende polepole.

Katika Matendo 11 tunasoma habari ya njaa iliyotokea siku za Kaisari Klaudio. Kanisa la Antiokia, lililokuwa na watu wengi wa mataifa, lilikusanya kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, likapeleka Yerusalemu kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Baadaye Paulo alikusanya tena katika makanisa ya Makedonia na Akaya. Hao Wamakedonia hawakuwa matajiri. Paulo anasema walikuwa katika dhiki na umaskini mkubwa, lakini waliomba wenyewe wapewe nafasi ya kusaidia. Hapo kuna neno letu wakimbizi. Wako wanaofikiri kwamba mtu wa kutoa ni yule mwenye gari lenye bendera, na sisi kazi yetu ni kupanga foleni. Wamakedonia wanakataa wazo hilo. Maskini ana kitu cha kumpa maskini mwenzake.

Lakini soma Warumi 15. Paulo anajiandaa kupeleka sadaka ile Yerusalemu, na anawaomba Warumi wamwombee mambo mawili. La kwanza, aokolewe na watu wasioamini. La pili, huduma yake ipate kukubaliwa na watakatifu wa Yerusalemu. Mtume aliogopa kwamba wale ndugu wenye njaa wangeikataa fedha ile! Kwa sababu gani? Kwa sababu ilitoka kwa watu wa mataifa. Wayahudi wengi waliamini ni unajisi hata kula nao meza moja. Kuipokea fedha yao ilikuwa ni kukiri mbele ya watu wote, "Hawa ni ndugu zetu."

Ndiyo sababu kupokea ni kazi ngumu. Unapotoa, unabaki juu. Unapopokea, unashuka, na yule uliyemdharau anakuwa mfadhili wako. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo anasema kwamba wakati huu wingi wenu uwafae hao katika upungufu wao, ili siku nyingine wingi wao uwafae ninyi. Ni njia ya kwenda na kurudi. Kanisa linalotoa peke yake na halipokei linajifanya bwana. Kanisa linalopokea peke yake na halitoi linalala. Ushirika ni vyote viwili.

4. MAMBO YALIYOTOKEA KATIKA NCHI HIZI

Jambo hili si la Uturuki na Yerusalemu tu. Mwaka 1929, mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini huko Rwanda, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Katika siku zile za ukoloni haikuwa kawaida Mzungu na Mwafrika kuungama mbele ya mwenzake. Katika miaka ya 1930 uamsho ulitoka Gahini ukavuka mipaka, ukaingia Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliokoka wa makabila mbalimbali wakaitana ndugu, wakalala nyumba moja, wakaungama dhambi zao waziwazi. Wazee wengi wa Ankole, wenyeji wetu hapa, ni watoto na wajukuu wa Balokole hao.

Lakini mhubiri asiwadanganye watu. Rwanda, nchi ya uamsho ule, ilikuwa na makanisa yaliyojaa. Na mwaka 1994 watu waliokimbilia ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humo humo. Ndugu zetu Wanyarwanda wanaosoma hapa wanayajua hayo kuliko mimi, nami nayataja kwa heshima na kwa maumivu.

Tunajifunza nini? Kuimba pamoja peke yake hakutoshi. Kwaya mbili zinaweza kuvaa sare ya rangi moja, na moyoni kila moja ina orodha ya wafu wake na jina la aliyewaua. Ibada ya pamoja isiyo na ukweli ni kama jeraha lililofunikwa kitambaa bila kusafishwa. Kwa hiyo sisemi tukutane ili tusahau. Nasema tukutane mbele za Mungu, yeye ambaye hasahau, tujifunze pale kusema ukweli bila kulipiza kisasi.

5. TULIVYOANZA UPYA

Baada ya kumtembelea yule mama niliwaita tena wazee. Niliungama kwao kwanza, kisha tukavuka bonde tukiwa watu wanne. Mchungaji wa kule alitupokea. Nikamwambia, "Mtumishi wa Mungu, barua ile niliiandika kwa kiburi. Tunaomba mlango, kama bado uko wazi." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na sisi tulipowaleteeni neno lile, wako kwetu waliotulaumu. Walituuliza, mnawaitaje watu wale? Tulipopata barua yenu wengine walifurahi." Nikashukuru kwamba alisema ukweli. Tangu siku hiyo ninamwamini.

Tulitumia nyumba yao miezi saba. Vijana wao walikuja kufyatua matofali pamoja na vijana wetu, na sisi tulipomaliza kuezeka tulikwenda kuwasaidia kuziba ukuta wao wa nyuma. Sasa kila mwezi wenye Jumapili tano, ile ya tano tunaabudu pamoja, mara kwao, mara kwetu. Mhubiri anasema kwa lugha yake na mkalimani anatafsiri. Ibada inachukua muda mrefu, watoto wanasinzia, lakini watu hawaondoki.

Si kila kitu kimelingana. Juu ya ubatizo hatufundishi sawa, na kwa hiyo Meza ya Bwana kila kanisa linaiandaa kwake. Tumekubaliana kutobishana jambo hilo mbele ya waamini wachanga. Wachungaji tunalizungumza sisi kwa sisi, na Biblia ikiwa wazi.

Mwaka 2025 ulituletea majaribu mawili. Mwezi wa kwanza Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshafanya mahojiano na kupimwa afya zikabaki na mabegi yao. Kisha mwezi wa tano fedha za wafadhili zilipungua, na watu wapatao milioni 1 nchini Uganda wakaondolewa katika msaada wa chakula. Nyumba nyingi za makanisa yote mawili zilikuwa kati yao. Wengi tulikuwa tumejiambia, "Nitavumilia majirani hawa mpaka siku yangu ya kuondoka." Sasa inaonekana tutakaa majirani muda mrefu kuliko tulivyofikiri. Heri tujifunze kukaa vizuri.

Kina mama ndio walioanza kikapu. Jumapili ya kwanza ya mwezi kila nyumba inayoweza inaleta kikombe kimoja cha mahindi au maharage. Lakini walifanya jambo la hekima ambalo sisi wanaume hatukulifikiria. Kina mama wa kwetu ndio wanaotembelea nyumba za kule na kuandika wenye shida, na kina mama wa kule wanatembelea nyumba zetu. Hivyo hakuna anayempendelea shangazi yake, na kila upande umeona kwa macho jiko la upande wa pili likiwa baridi. Mtu akishaona jiko la mwenzake halina moto, inakuwa vigumu kumwita adui.

Yule mzee wetu aliyetoka nje siku ya kikao hajaingia katika nyumba ile mpaka leo. Jumapili ya tano anakuja, lakini anakaa nje kwenye benchi, karibu na dirisha. Hatumlazimishi. Sisi hatukuzika watoto wake. Mwezi mmoja alileta kilo mbili za maharage kwenye kikapu. Mama mmoja akamkumbusha, "Mzee, unajua yataenda pande zote mbili." Akajibu, "Najua. Mtoto wa mtu akilala njaa, wangu hawatarudi." Na ibada ikiisha, kina mama wa kule humpelekea chai palepale kwenye benchi, naye huipokea. Ninyi mnaoharakisha watu kusamehe, mwacheni mzee wangu anywe chai yake kwanza.

6. MAMBO TUNAYOSHIKA

Makanisa mengine yameniuliza namna ya kuanza. Sina sheria, lakini haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, anzeni na shida ya kweli, msianze na sherehe. Tamasha la kwaya linaisha jioni, lakini paa mlilolijenga pamoja linabaki.

Pili, kubalini kusaidiwa kama mnavyopenda kusaidia. Jirani akikuletea kitu, usikimbie siku ile ile kumrudishia ili usiwe na deni. Deni la upendo, Paulo anasema katika Warumi 13:8, ndilo pekee linaloruhusiwa kubaki.

Tatu, fedha na chakula vihesabiwe mbele ya watu wa pande zote mbili. Paulo mwenyewe hakubeba sadaka peke yake. Aliwachukua ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate neno la kumlaumu.

Nne, wachungaji tusiibiane kondoo. Mshirika wa jirani akija kwako na manung'uniko, mrudishe kwanza akazungumze na mchungaji wake. Yule mama kijana amerudi kwetu kwa hiari yake, na siku nyingine anasali kule. Tumemwambia yuko nyumbani popote.

Tano, msiwasahau wenyeji. Wanyankore wametupa mahali pa kulima, na wao pia wana misiba na wagonjwa. Tukisikia kilio kwao, twende. Tusingoje kualikwa.

Sita, wafundisheni watoto. Wao wanacheza mpira pamoja na wanajua lugha tatu. Tusiwapokeze usiku wetu kama urithi.

7. NENO LA MWISHO

Ndugu yangu msomaji, labda wewe nawe unayo barua uliyoandika ya kukataa. Labda si ya karatasi. Ni njia unayozunguka ili usipite mbele ya nyumba fulani, ni salamu ambayo huijibu, ni maji uliyokataa kunywa kwa mtu. Sikuambii kwamba yaliyokupata hayakuwa kitu. Yalikuwa, na Mungu aliyaona. Lakini iko barua ambayo Bwana ameiweka kwa jirani, na huwezi kuisoma ukikaa kwako umefunga mlango.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe ulipokea wageni na Mwanao alikuwa mkimbizi Misri. Utuondolee kiburi cha Laodikia. Utupe mikono ya kutoa na mikono ya kupokea. Wale wanaokaa bado nje kwenye benchi, uwe karibu nao. Wale walioumiza wenzao na wanaogopa kusema, uwape ujasiri wa kuungama. Utuhifadhi sisi na majirani zetu, mpaka utakapotufungulia njia ya kurudi nyumbani, au utakapotupa amani hapa tulipo. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Maswali ya kuzungumza jioni nyumbani:
1. Ni lini mara ya mwisho kanisa letu, au nyumba yetu, ilipopokea msaada kutoka kwa watu wa lugha nyingine? Tulijisikiaje?
2. Kwa nini Paulo aliogopa kwamba sadaka yake ingekataliwa Yerusalemu?
3. Yuko nani karibu nasi ambaye mtoto wake ananyeshewa, na sisi tunajua?

Jumapili ya tano ijayo ibada ni ng'ambo ya bonde, kuanzia saa tatu asubuhi. Kila mtu aje na kikombe chake cha kikapu na kiti chake kama anacho. Mvua ikinyesha, njooni tu. Paa la kule halivuji.

Ni mimi mtumishi mwenzenu na mkimbizi mwenzenu katika Bwana,
Mchungaji wenu.